Posa Mbili za Uhandisi

Barua mbili za kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo ziliponifikia wiki moja, nilicheka, nikalia, kisha nikakasirika. Mimi furaha ikizidi hugeuka hasira. Miaka minne nilikuwa nimekaa mapokezi ya kliniki ya meno hapa Oud Metha, Dubai, nikipanga foleni za watu wenye mashavu yaliyovimba, na shahada yangu ya kwanza iko kwenye begi chini ya kitanda. Sasa vyuo viwili vya utafiti, vyote vya mbali na vyote vikinipa ufadhili, vilitaka jibu kabla ya Jumatatu. Ningekosea, ningekosea kwa miaka.

Chuo cha kwanza hakuna mhandisi asiyekijua. Cha pili ilinibidi nikitafute kwenye ramani. Profesa wake alikuwa akibuni majokofu ya chanjo kwa ajili ya mahali ambapo umeme hukatika ovyo. Nilichora jedwali la kulinganisha, lenye rangi, na jedwali likachagua chuo cha kwanza. Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa, maana moyo ulikuwa umebaki kwenye yale majokofu.

Nilikuwa nikiishi Bur Dubai na wanawake wawili. Mmoja alikuwa Mkenya, mlinzi wa jengo la ofisi, tuliyelala naye chumba kimoja. Wa pili alikuwa mama wa Kiunguja mwenye nyumba, mshonaji wa abaya, aliyefika Dubai kabla sijazaliwa. Tukimwita Bi Mkubwa. Jumamosi mchana niliwaonyesha jedwali langu.

Bi Mkubwa alitoa pini mdomoni. "Hawa maprofesa wamekuposa, mwanangu. Ushapeleka mtu akawaulizie?"

"Kuulizia nini? Sifa zao zimejaa mtandaoni."

"Hizo kajisifu mwenyewe! Kwetu mposaji huuliziwa kwa jirani zake. Huyu profesa kutwa yuko na nani?"

"Na wanafunzi wake."

"Basi hao ndio jirani. Yalla, haya, waandikie."

Mkenya aliangua kicheko. "Aki utaonekana mshamba! Utauliza aje, kama prof huchapa watu?"

"Waulize hivi," Bi Mkubwa alisema, wala hakucheka. "Kazi yako ikiharibika, profesa hufanya nini?"

Nilikataa katakata. Nilisema uhandisi si harusi, nikaingia chumbani na kubamiza mlango. Nilinuna mpaka saa ya chai. Kisha nikatoka, nikafungua kompyuta na kuwaandikia swali la Bi Mkubwa wanafunzi watatu ambao anwani zao zilikuwa kwenye tovuti za maabara zao.

Wa chuo cha kwanza walijibu haraka. Mmoja alisema profesa ni mtu mkubwa sana, na kwa maswali kama hayo niwasiliane na ofisi ya udahili. Mwingine alisema yuko pale mwaka wa tatu na amezungumza naye mara nne tu.

"Khalas, yamekwisha," alisema Bi Mkubwa. "Huyo ana wake wengi."

Mwanafunzi wa chuo cha pili alipiga simu ya video Jumapili baada ya chakula. Alikuwa msichana mwenye ovaroli, na nyuma yake jokofu lililofunguliwa mgongo. Alituambia kwamba mwaka wake wa kwanza aliunganisha nyaya vibaya akaunguza kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya jokofu, nayo maabara ilikuwa na moja tu. Alijifungia chooni akalia. Alipotoka, alimkuta profesa amekaa sakafuni na ile kompresa miguuni. "Njoo unishikie tochi," alimwambia. "Tuone imeungua kuanzia wapi." Waliifungua siku nzima.

Nilikuwa nikimtafsiria Bi Mkubwa, na hapo kwenye tochi nikaacha kutafsiri. Wote nilikuwa nimewaambia kwamba niliacha uhandisi kwa kukosa ajira. Ukweli ni kwamba mwaka wa tatu nilivunja kisu cha mashine ya kukereza chuma, na mhadhiri akaniambia mbele ya darasa zima nikatafute kazi ya mezani. Nikaitafuta, nikaipata. Kwa mara ya kwanza niliwaeleza hayo, pale pale, kwa Kiswahili, huku msichana wa watu akingoja kwenye skrini bila kuelewa neno. Mkenya alinishika mkono. Nililia kidogo na sikuona aibu.

Nilipojifuta, msichana alisema kuna jambo moja limebaki. Alikuwa amemwonyesha profesa barua yangu, naye akamwomba aniulize na mimi swali lile lile: nikiharibu kitu, huwa nafanya nini?

Nilianza kutunga jibu la kitaalamu. Bi Mkubwa akataka kujua kumeulizwa nini, nikamwambia, naye akaisogelea kompyuta mpaka uso wake ukajaa skrini.

"Mwambie hununa mpaka saa ya chai," alisema, "kisha huja akaifanya kazi."

Nilitafsiri vile vile, bila kupunguza neno, na jioni hiyo nikawaandikia chuo cha pili kwamba nakuja.