Sauti Yangu Baada ya Wimbo

Leo asubuhi simu ilitoa ule mlio wake mfupi nikiwa namenya viazi, na kabla sijafuta mikono nikajua ni baba. Baba haandiki. Anasema macho yamechoka na vidole vyake ni vinene mno kwa herufi ndogo hizo. Basi anabonyeza, anaongea, na sauti yake inatoka Beni na kunifikia hapa Butembo kabla maji hayajachemka. Zamani, kusafirisha sauti njia hiyo kulihitaji lori, matope na dereva mwenye roho nzuri.

Mlio huo huniletea mwingine: tak! Ni wa vidole viwili vikibonyeza kwa pamoja vitufe vya redio-kaseti, kile cha kucheza na kile chekundu. Mjomba Kasereka, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa redio, na redio za watu zilizongoja kupona zililala kwetu, zikinuka vumbi lililopashwa moto. Baba alinunua utomvu wa papai kule Mabalako, upande wa Beni, yale maziwa meupe yanayotoka kwenye tunda bichi likichanjwa, ambayo hukaushwa na kuuzwa mbali. Alirudi nyumbani pale tu msimu ulipomruhusu, na msimu haukuwa na huruma. Kwa hiyo tulimtumia kaseti. Mama alianza kwa sauti ya kanisani, salamu za ukoo mzima tangu Lubero mpaka Kipese, pamoja na bei ya viazi. Mjomba akakohoa na kusema machache. Mimi, mzaliwa wa kwanza, nikamalizia.

Kaseti ninayotaka kuwasimulia ni ya mwaka wa komunyo yangu ya kwanza. Nilikuwa nimepata viatu vyeupe, vya mtumba lakini vyeupe kweli, na nilitaka jambo moja tu duniani: baba anione nimevivaa. Nikasogeza mdomo mpaka ukagusa chuma cha redio. Nikataja siku, misa na rangi ya viatu, kisha nikamaliza kwa kitisho nilichokuwa nimekitunga peke yangu: "Papa, usikose kuya. Ukikosa, nitajua haunipendi."

Mjomba akaitoa kaseti, akachukua bisibisi na kuvunja kijino kidogo cha plastiki kilichoko mgongoni mwake. Alinieleza kwamba kijino kikiwapo, yeyote anaweza kurekodi juu ya sauti yako, lakini kikivunjwa kile kitufe chekundu hukataa kabisa kushuka. "Sasa hata général hawezi kuifuta," akasema. Nikalala na furaha ya mtu aliyeweka mali yake benki. Kesho yake kaseti ikaondoka na Papa Muhindo, dereva wa lori lililotuletea viazi na kuendelea hadi Mabalako, ambaye aliifunga ndani ya soksi safi na kuiweka kifuani.

Baba hakuja. Katika misa niligeuka nyuma mpaka katekista akanifinya sikio, na katika msafara wa kutoka nilikanyaga matope kwa makusudi. Viatu havikuwa na kazi tena.

Alikuja wiki kadhaa baadaye na mafuta ya mawese na mkungu wa ndizi. Akaketi, akachana kipande cha karatasi na kukitia mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake: wengine huvuta tumbaku, baba alitafuna karatasi kila alipokuwa na jambo kichwani, na vidonge vyake vigumu tulivifagia kila pembe ya nyumba. Mama akamuuliza habari ya kaseti. "Kaseti gani?" baba akasema. "Hapana kufika. Muhindo njo aliipoteza."

"Njia ya mwongo ni fupi," mama akajibu, na mwongo aliyemfikiria ni Muhindo. Aliyetunga methali hiyo bila shaka hakuwahi kwenda Mabalako wakati wa mvua, maana kwenye njia ile hakuna kilicho kifupi. Tangu siku hiyo mama alichukua viazi kwa lori lingine. Yule mzee aliapa kwa jina la Bikira Maria mbele ya soko zima, na mimi nilipokutana naye nilimgeuzia uso, ingawa yeye ndiye aliyezoea kunipa miwa.

Likizo kubwa ilipofika, mama akasema niende na baba. Baba akasema kule kuna joto, kuna mbu, kuna homa. "Homa inapata batu bote," mama akasema. "Aende aone kazi ya papa yake." Sikuwahi kumwona mama akishikilia neno namna ile. Nilidhani ni upendo.

Mabalako kulikuwa na joto la kukaba, na ua wote ulinuka utomvu uliokuwa ukikauka, harufu kama ya maziwa yaliyosahaulika. Alikuwapo mwanamke ambaye baba alinitambulisha kwake kama mama wa kutupikia. Siku ya kwanza baba alipaza sauti, "Mama Masika!" nami nikacheka, kwa sababu mimi ni Masika, na aliyeitwa hivyo nyumbani ni mama yangu. Kwetu Wanande, binti wa kwanza wa kila mama ni Masika, na mama huitwa kwa mtoto wake, kwa hiyo akina Masika wamejaa kila kijiji na sikuona ajabu. Huyu wa kule alikuwa mdogo, bado ananyonya kidole, na alimwita baba "Papa." Hilo nalo halikunishtua, kwetu mtoto humwita papa kila mwanaume mwenye suruali ndefu. Nilimpenda yule mama. Sombe yake, majani ya muhogo ya kutwangwa, ilikuwa na mafuta mengi kuliko ya nyumbani.

Alasiri moja aliiweka redio-kaseti kwenye kigoda, na mimi na Masika mdogo tukacheza muziki wa Kilingala mpaka vumbi likapanda. Wimbo ukaisha. Pakawa na ule mkwaruzo wa ukanda mtupu, kisha sauti ya mtoto ikasema, karibu sana, kama yumo ndani ya kigoda: "...usikose kuya. Ukikosa, nitajua haunipendi."

Masika mdogo akacheka, akairudia kwa kuigiza. Yeye alikuwa ameizoea. Ndivyo kaseti ile ilivyokuwa ikiisha kila siku. Mama yake akanyoosha mkono kuzima, lakini niliwahi. Nikaitoa kaseti na kuigeuza. Pale mjomba alipovunja kijino palikuwa pamezibwa kwa kidonge cha karatasi iliyotafunwa, kikavu, chenye alama za meno. Meno yale niliyajua. Sauti yangu haikupotea njiani. Ilifika salama, ndani ya soksi safi, na baba yangu akaiziba kwa mate yake ili watu wapate kucheza.

Alipoingia aliiona mkononi mwangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Ni kaseti tu, Masika," akasema. "Nitakununulia mupya."

"Na mimi!" akasema Masika mdogo.

Niliporudi Butembo nilimkuta mama akichambua maharagwe. Nikamwaga yote kwa hasira: kaseti, wimbo, karatasi, uongo. Mama akaniuliza polepole nani aliwasha muziki, nani alipika, nani alilala wapi. Na kwa kuwa hasira ilikuwa imenishuka, nikamwambia sehemu ya kuchekesha. "Mama, kule kuna Mama Masika mwingine! Na Masika wake ana mwanya wa meno kama wa papa!" Nilicheka peke yangu. Mama aliendelea kuchambua, ila niliona mawe yakiingia upande wa maharagwe safi.

Kesho yake alijaza kapu viazi vizuri vya Kipese, akanishika mkono, tukaenda kwa Papa Muhindo. "Utusamehe, Papa," akamwambia, amesimama. Mzee akalipokea kapu bila kunitazama. "Mi niliifikisha mu mukono yake, mama," akasema. "Pale pale ku nyumba." Sasa ninajua alichokinyamazia kwa miaka, na kwa nini hakuweza kunitazama.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kwamba habari kubwa niliyoipeleka nyumbani haikuwa ile ya kaseti. Mama hakunituma likizoni. Alibonyeza vitufe viwili, akanipeleka Mabalako, na niliporudi akanisikiliza mpaka mwisho. Jambo lililovunja nyumba yetu nililitamka mimi, nikicheka. Nasema wazi, ninyi mnaonisoma: kwa hilo nimemkasirikia mama kaburini, kisha nikamwonea huruma, kisha nikakasirika tena. Kwa baba hasira yangu ni moja tu. Mwanzoni mwa kaseti ile ilikuwamo sauti ya mama, salamu zote zile na bei ya viazi, na hakuna mahali pengine popote duniani ilipobaki. Juu yake kuna nyimbo za kuchezea.

Kwa hiyo ujumbe wa baba siusikilizi wote. Nausogeza kwa kidole mpaka karibu na mwisho, kwa maana nilijifunza mapema kwamba ukweli hubaki pale mtu alipodhani amemaliza. Leo alimaliza baraka zake, akasahau kuzima. Nikasikia kuku, sufuria ikifunikwa, halafu baba akiuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mzee, "Masika, imeenda? Atanisikiliza?"

Nilikuwa na kisu mkononi. Nikafungua mdomo niitike, na sauti ya mwanamke mwingine ikaniwahi.

"Imeenda, Papa."