Somo la Siku za Mbalamwezi

Nafundisha Historia katika shule moja ya Gungu, karibu na ziwa, na sipendi kuingiliwa ninapojua ninachokifanya. Muhula ule tulikaa watatu, mwalimu wa Jiografia, wa Uraia na mimi, tukaandika azimio moja la kazi badala ya matatu: ziwa letu, watu wake na sheria zake. Mtaala unataka masomo yashikane, nasi tukayashikanisha. Mkuu wa shule alisoma, akakuna kidevu.

"Nawapa siku moja mwaloni, kwenye boti za wavuvi," alisema. "Isipozaa kitu, kila mtu arudi kwenye kipindi chake."

Nikachagua siku ya mbalamwezi. Mwenzangu wa Jiografia alishika kichwa. "Dada, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa. Hawavui! Watoto wataona nini?"

"Wataona wavuvi," nikamjibu. Siku za giza mvuvi anarudi asubuhi yu hoi, anauza, analala. Siku za mbalamwezi anakaa kushona nyavu, na mdomo wake hauna kazi.

Tulipofika, boti zilikuwa zimelala mchangani na chanja za kuanikia dagaa zilikuwa tupu. Mkuu wa shule alitufuata, akatazama huku na huku.

"Mwalimu, umewaleta kutazama mchanga?"

Mbele ya wanafunzi! Nilikasirika, lakini wanafunzi walikwisha kumzunguka mama mmoja aliyekuwa akishona wavu na mumewe.

"Shikamoo, mama. Wewe ni wa hapa hapa?" mvulana mmoja akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Nilizaliwa ng'ambo, Kongo. Mama yangu alivuka nami mgongoni."

"Mpaka aliuvukia wapi?" binti mmoja akauliza.

Mama akacheka, akanyoosha sindano ya wavu kuelekea majini. "Huko. Yeye aliona maji tu."

Hapo maswali yakamiminika. Nani alichora mpaka juu ya maji? Kina cha ziwa ni kiasi gani? Na dagaa akivuka, ni wa nani? Wenzangu wawili walianza kujibu kwa pamoja. Moyo wangu ulijaa furaha.

Mkuu wa shule akachuchumaa kando ya wavu. "Mama yako aliwahi kutaka kurudi?"

"Kila siku, Mwalimu. Tumemzika Ujiji."

Wanafunzi wakaendelea kuuliza, taratibu zaidi. Muda wa kurudi shuleni ulifika. Mkuu wa shule ndiye aliyekataa kuondoka.