Nzi Walioachwa Kwenye Mvua

Leo kazi yangu imekubali mpaka nikataka kulia.

Kwa wasionijua, mimi hutengeneza nzi bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti kwa mito yetu ya mlimani. Ni manyoya na uzi kwenye ndoano ndogo.
Lazima waelee. Wakizama, mteja anakurudishia.

Asubuhi niliwachovya kwa dawa ya nta ya kuzuia maji, nikawaanika uani kwa sinia, kando ya maharagwe. Nikaenda dukani.

Mvua ikanipata huko.

Sikuharakisha. Mama mkwe alikuwa nyumbani, na hapa Embu mvua ikianza mtu huanua hata vitu vya jirani asiyesalimiana naye.

Nafika, ananipokea mlangoni akitabasamu.
"Mama Muthoni, nimeanua kila kitu!"

Maharagwe ndani. Nguo ndani. Hata mwiko.

"Na wale nzi, Mami?"

"Si ulisema hao maji hayawawezi?"

Aki nilisema. Jana tu, nikijisifu.

Sinia ilikuwa imejaa maji hadi ikafurika. Hakuna nzi hata mmoja aliyezama. Wote walielea vizuri sana, wakatoka kwa sinia, wakashika mtaro, wakaingia kwa shamba la nepia la jirani, yale majani ya kulisha ng'ombe.

Nimeshinda nimepiga magoti kwa matope nikitafuta ndoano kabla ng'ombe wa watu hajakatiwa majani.
Majirani wa huku chini, tafadhali, leo angalieni nepia kabla ya kulisha.

Mteja amepiga simu sasa hivi. "Vipi, wanaelea?"

Nimemwambia, sana.