Mama Aliyeleta Maziwa

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, nami nilifungua mgahawa, nikapanga meza nje ili familia zije kunywa chai baada ya ibada. Jumapili moja muuza maziwa wetu alichelewa. Akatokea mama mmoja na kibuyu cha maziwa, nikadhani ametumwa naye.

"Pitia jikoni," nikamwambia mbele ya wateja. "Na aliyekutuma mwambie maziwa ya jana yalijaa maji!"

Akaingia jikoni. Kwa kuwa tulizidiwa, nikamsogezea na vikombe aoshe.

Baadaye mchumba wangu Masanja akaja kunisalimia. Alipochungulia jikoni, akainama kwa heshima, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Umefika lini kutoka Lalago? Mbona unaosha vyombo?"

"Mkwe wangu kanipa kazi," akajibu mama yake, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona.

Nilitamani ardhi inimeze.