Ndala Iliyobaki Kwenye Dagaa

Mpaka leo nikikumbuka nashtuka, halafu najicheka.

Jumapili moja nilisimama kanisani na kitenge changu kipya, nikashuhudia kwamba Yesu amenitoa chuki ya mke mwenzangu. Tangu mzee wetu amlete mpaka tukamzika mzee, nilikuwaga simsalimii. Sasa nimeokoka, nikasema, mimi ni mtu mpya. Mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, akaitikia amina kuliko wote.

Kesho yake asubuhi akaanika dagaa zake, akaenda Bunda kumwona binti yake aliyejifungua. Mchana wingu likatoka ziwani. Huku kwetu pembeni ya Musoma, mvua ikija huulizi dagaa ni za nani. Unazoa tu. Hata mtu mligombana asubuhi, unamzolea.

Nikazoa zangu. Nikazoa za jirani. Nikafika kwenye turubai la mke mwenzangu, nikaruka. Nakwambia nikaruka kama mbuzi. Hakuna mtu aliniambia ruka. Ndala yangu moja ikabaki humo kwenye dagaa, sikurudi kuichukua.

Nikakaa jikoni na ndala moja mguuni. Yule aliyeshuhudia jana alikuwa nani, na huyu aliyeruka ni nani?

Jioni akaja, amelowa, ndala yangu mkononi.

"Dada, Mungu akubariki. Zimelowa zote, lakini nimeona ulivyohangaika mpaka ukaacha ndala."

Ningenyamaza tu, ningebaki mtakatifu kijiji kizima.

"Mdogo wangu, sikuhangaika. Niliziona, nikaruka."

Akanitazama.

"Ukaruka dagaa zangu?"

"Nikaruka."

"Na magoti yako hayo?"

Akacheka, akakaa kwenye kigoda changu, mara ya kwanza tangu aolewe. Alicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakabaki peke yake.

"Basi ile amina yangu nirudishie."

Nikaleta ungo, nikamgawia nusu ya zangu kavu. Hakusema asante. Alizichambua, akasema zina mchanga. Akazibeba.

Jumapili iliyofuata nikasimama tena, na kitenge cha zamani. Nikasema ule ushuhuda niliuwahisha, niliruka dagaa za mwenzangu, Yesu bado ana kazi kwangu.

Nyuma kule sauti moja ikaitikia amina, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.