Mabosi Wawili, Mpiga Taipu Mmoja

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Mpanda. Bosi alikuwa mmoja na kazi ilikwenda. Siku moja redio ikatangaza kwamba wizara yetu imegawanywa. Watu walisema wakubwa wawili walikuwa wanagombea kiti kimoja, Rais akaona awapatanishe kwa kumpa kila mmoja wizara yake. Huko Dar es Salaam yakaisha. Kwetu ndiyo yakaanza. Tukaletewa bosi wa pili, chumba kikakatwa kwa plaiwudi, nikabaki nawatumikia wote.

Mwaka huo pampu ya kisima huko Kakese iliharibika. Akaja mama mmoja wa kamati ya maji ya kijiji, ametembea tangu alfajiri, anaomba fundi.

"Mama, visima siku hizi viko kwa mwenzangu," bosi wa kwanza akamwambia.

Wa pili akasema visima kweli ni vyake, ila pampu bado hajakabidhiwa. Akaniagiza nimwandikie mwenzake barua. Nikaipiga, nikazunguka plaiwudi, nikaikabidhi. Nikapewa majibu, nikazunguka tena. Wiki tatu yule mama alikuja, na kila akija, nina barua nyingine.

"Mwanangu," akaniuliza, "hawa si wanasikiana hata wakikohoa? Wanaandikiana nini?"

Nikarudi kwenye mashine yangu ya taipu.

Walipokubaliana hatimaye, dizeli ya gari hakuna. Nchi jirani kulikuwa na vita, malori ya jeshi yalikuwa yanapita kwenda ziwani, mpakani, na sisi tukaambiwa mafuta yetu yasubiri. Kulinda mpaka sikupinga. Lakini Kakese walikuwa wanakunywa maji machafu ya mtaroni, na wajukuu wawili wa yule mama walikuwa wanaharisha.

Nikachoka. Jirani yangu pale Mwamkulu alikuwa fundi mstaafu wa jeshi. Jumamosi nikamwomba, tukaenda kwa baiskeli. Akafungua pampu, akatoa washa, kile kipete cha ngozi cha kubana maji, iliyokuwa imeoza, akachonga nyingine. Kabla ya adhuhuri maji yakatoka. Mama akanishika mikono yote miwili.

Jumatatu, habari zikiwa zimeshafika ofisini, mabosi wote wawili wakaniletea ripoti nizipige taipu. Kila mmoja alidai ofisi yake imetengeneza pampu ya Kakese, na kwa kuwa kazi zimemzidi, anaomba msaidizi. Nilizipiga kwa hasira hadi utepe wa mashine ukakatika.

Wasaidizi wakaja, wote wawili. Mwaka uliofuata ukaja waraka: serikali inabana matumizi, watumishi wapunguzwe. Kwetu walitajwa watatu: mlinzi, mhudumu na mimi.

"Hizo barua za kuachishwa azipige nani?" nikauliza.

"Si wewe?" akasema bosi wa kwanza, kama anayeshangaa.

Nikazipiga zote tatu. Ya kwangu ilibidi niirudie, maana jina langu walikuwa wameliandika vibaya. Msimu ule nilipalilia mpunga shambani kwa mama yangu, nikiongea peke yangu, na mama hakuniuliza naongea na nani.