Sifuri Ndani ya Nailoni

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Morogoro mjini, natoa kopi. Mbele yangu alisimama mama aliyeshuka milimani na tenga la karoti, yeye na binti yake. Kijana wa kompyuta alikuwa ameshachapisha matokeo ya binti ya kidato cha pili. Nikachungulia: divisheni ziro. Maana yake anarudia darasa.

"Itie nailoni, mwanangu," mama akamwambia kijana. "Kwetu ukungu unaingia mpaka ndani, karatasi hazidumu. Nataka niitundike ukutani."

Alipogeuka kusogeza tenga, binti akainamia kaunta. "Kaka, nakuomba. Nitamwambia mwenyewe nyumbani."

Kijana akaingiza karatasi kwenye mashine bila kumtazama mtu.

"Kafaulu?" mama akauliza.

"Imetoka safi, mama," akajibu, akiipepea ipoe.

Mama akanigeukia. "Shikamoo baba. Hebu nisomee na mie. Huyu ndiye wa kwanza kwetu kufika sekondari."

Nikamwambia miwani nimeisahau nyumbani. Miwani ile ile niliyosomea sifuri ya mwanawe ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Binti yule alihitaji mtu wa kumwambia mama yake ukweli, ili kesho aanze upya bila kujificha. Tulikuwa watatu tunaojua kusoma, na hakuna aliyesoma.

Mama aliondoka anacheka. Karoti alizotugawia kwa furaha bado ziko jikoni kwangu. Sijaweza kuzila.